Haiti tunayoisikia na Haiti yenyewe

Tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince Juni 2024, Haiti imekuwa gumzo hata kwenye matatu. Tatizo ni kwamba mengi yanayosemwa ni ya kuokoteza.

Eti Ufaransa iliwapa uhuru. Hakuna aliyewapa. Agosti 1791 watumwa wa kaskazini walitia moto mashamba ya miwa ya mabwana zao. Mwaka 1802 jeshi la Napoleon, mtawala wa Ufaransa, likatua kuwarudisha utumwani. Kiongozi wao, Toussaint Louverture, akaitwa kwenye mazungumzo, kumbe ni mtego, na Aprili 1803 akafia gerezani kwenye milima ya Jura, Ufaransa. Wenzake wakaendelea. Novemba 18 mwaka huohuo waliwashinda Wafaransa pale Vertières, na Januari 1, 1804, jemadari wao Dessalines akatangaza uhuru mjini Gonaïves. (Homa ya manjano nayo iliwasaidia: ilimuua hata Leclerc, jemadari wa Wafaransa.)

Eti ni maskini kwa uvivu, au kwa laana ya vodou. Vodou ni dini, na tangu 2003 serikali yao inaitambua rasmi. Tuje kwenye fedha. Mwaka 1825 Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa alipeleka manowari 14 zikiwa na barua: lipeni faranga milioni 150 ndipo tuwatambue. Fidia ya nini? Ya mali waliyopoteza wenye mashamba, na katika mali hiyo walihesabiwa watumwa wenyewe. Yaani aliyechapwa amlipe aliyeshika kiboko! Hazina haikuwa na kitu, basi wakakopa milioni 30 huko Paris. Zilizowafikia ni milioni 24. Sita zilikatwa juu kwa juu. Mwaka 1838 deni likapunguzwa hadi milioni 90, lakini mikopo iliyozaana humo ilikwisha kulipwa 1947, na mzigo mkubwa uliangukia kahawa ya mkulima mdogo. Sisemi watawala wao walikuwa malaika. Akina Duvalier, baba na mwana, walikomba hazina kuanzia 1957 hadi 1986. Ila walikuta mfuko uliokwisha tobolewa.

Eti wote wanaongea Kifaransa. Kifaransa ni cha wachache waliosoma. Kreyòl ndiyo lugha ya kila mtu, na katiba ya 1987 iliifanya lugha rasmi sambamba na Kifaransa.

Eti walianzisha taifa la kuwabagua wazungu. Hii ndiyo hufurahisha zaidi ukiichunguza. Ni kweli katiba ya 1805 ilimkataza mzungu kumiliki mali. Lakini ibara ya 13 iliwaondolea katazo hilo wanawake wa kizungu waliopewa uraia, pamoja na Wajerumani na Wapolandi. Wapolandi waliletwa na Napoleon kupigana na weusi. Baadhi yao wakageuza bunduki. Kisha ibara ya 14 ikasema Wahaiti wote, wa rangi yoyote, wataitwa weusi. Basi Mpoland mwenye nywele za manjano akawa mweusi kisheria.

Na jina Ayiti, ndiyo Haiti, si la Kiafrika wala la Kifaransa. Ni la Wataino, wenyeji waliomalizwa na Wahispania, na maana yake ni nchi ya milima mirefu.

Kila Januari 1 wanapika soup joumou: boga, nyama ya ng'ombe, kabichi, karoti, viazi, tambi. Wazee husimulia kwamba enzi za utumwa mikono yao ndiyo iliyoipika, lakini kuionja ilikuwa marufuku.