Je, Wajua? Kwa Nini Ziwa Nyasa Lina Aina Nyingi za Samaki, Lakini Halina Samaki Wengi

Ziwa Nyasa, ambalo Tanzania, Malawi na Msumbiji zinapakana nalo, linakadiriwa kuwa na aina 800 hadi 1,000 za samaki, idadi isiyofikiwa na ziwa jingine lolote duniani. Hata hivyo, kwa kila kilometa ya mraba, Ziwa Victoria hutoa samaki wengi zaidi kwa mbali, na mvuvi wa Matema au Itungi wilayani Kyela anaweza kukesha ziwani akarudi na ndoo isiyojaa. Inawezekanaje?

Jibu la haraka ni kwamba samaki walikuwa tele na wavuvi wakawamaliza. Lina ukweli wake: samaki waitwao chambo, wa jamii ya perege, wa Ziwa Malombe, ziwa dogo lililo kusini mwa Nyasa huko Malawi, waliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na uvuvi wa kupita kiasi. Lakini jibu hilo linachukulia kimyakimya kwamba wingi wa aina ni sawa na wingi wa samaki, na hapo ndipo linapopotoka. Sehemu kubwa ya aina hizo ni za jamii ya perege, na nyingi huishi kwenye miamba ya kando ya ziwa bila kuthubutu kuvuka mchanga au maji ya kina. Majike hutamia mayai mdomoni, tena baadhi ya aina za miambani hutaga makumi machache tu kwa mara moja, na watoto hukulia palepale walipozaliwa. Kundi la mwamba huu likitengana na kundi la mwamba ule kwa vizazi vingi, hatimaye huwa aina mbili. Kwa hiyo kilichozalisha wingi wa aina ni kujitenga kwa makundi madogo madogo, jambo ambalo kwa mwenye jarife si habari njema. Anayehesabu aina 1,000 anahesabu majina, si kilo. Nyingi hazifiki hata sufuriani. Zile zenye rangi za kuvutia huuzwa nje kuwa mapambo ya nyumbani. Samaki wanaolisha kaya na soko, kama usipa (dagaa wa Nyasa), mbasa, perege na kambale, ni wa aina chache.

Kikomo cha wingi wao kiko kwenye chakula. Samaki hao kwa sehemu kubwa hatimaye hutegemea mimea midogo mno inayoelea majini, nayo inahitaji mwanga pamoja na virutubisho kama naitrojeni na fosforasi. Mwanga uko juu; virutubisho huzama pamoja na kila kinachokufa. Fikiria mtungi mrefu wa togwa ulioachwa usiku kucha: unga wote umetuama chini, na anayechota juu kwa kata anapata maji matamu yasiyoshibisha. Dawa ni kukoroga, ila mtungi huu una kina cha takriban mita 700 na mwiko wake ni mfupi. Maji ya juu yana joto, kwa hiyo ni mepesi na yanaelea juu ya maji baridi. Upepo ukivuma unakoroga tabaka la juu tu, na unga wa chini unabaki ulipo. Kuanzia mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna oksijeni, na samaki hawezi kuishi huko. Ziwa Victoria, lenye kina cha takriban mita 80 tu, ni mtungi mfupi unaokorogeka hadi chini.

Mwiko wenyewe ni upepo wa kusini mashariki, uitwao mwera, unaovuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti. Husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji yenye rutuba huibuka zaidi kusini, upande wa Malawi. Kyela iko kaskazini. Isitoshe, chini ya Milima ya Livingstone ufuko huporomoka ghafla, na maji mafupi ya kuzalia samaki ni machache.

Maji ya kina yameongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.7 katika miongo sita ya karne iliyopita, na iwapo maji ya juu yatapata joto haraka kuliko ya chini, tofauti kati ya tabaka itaongezeka na kukoroga kutakuwa kugumu zaidi. Kama hilo tayari limepunguza samaki wa Nyasa, ushahidi haujatosha kusema, kwa sababu uvuvi nao uliongezeka katika kipindi hichohicho.

Kuna pia suala la kungu, wadudu wadogo wanaopaa ziwani kwa mawingu na ambao baadhi ya wakazi wa kando ya ziwa huwakanda wakapata mikate. Wataalamu waliwahi kuvishuku viluwiluwi vyao, yaani watoto wao wanaokulia majini, kwamba vinawanyang'anya samaki chakula, wakapendekeza dagaa wa Ziwa Tanganyika waletwe kuvila. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba samaki wa Nyasa walikuwa wakivila tayari.

Kwa hali hiyo, kugawa nyavu na injini zaidi ni kuwagawa samaki walewale kwa mitumbwi mingi. Ustahimilivu wa kaya hutafutwa zaidi nchi kavu. Usipa huishi takriban mwaka mmoja, na wingi wao hupanda na kushuka hata pasipo kosa la mtu, kwa hiyo shamba la mpunga au kakao huibeba familia katika mwaka mbaya. Katika wilaya yenye mvua nyingi kama Kyela, usipa walioanikwa mchangani huoza au hushuka bei; chanja inayoweza kufunikwa huongeza kipato bila kuongeza hata samaki mmoja. Mabwawa pia yana nafasi, kwani perege hukua haraka zaidi kwenye joto la Kyela kuliko kwenye baridi ya Rungwe au Makete.

Mbasa ana hesabu yake. Hupanda mito kama Kiwira na Lufilyo kwenda kutaga kwenye changarawe, na wavu uliotegwa mlangoni mwa mto huwanasa majike kabla hawajataga. Hilo vikundi vya BMU, yaani vikundi vya jamii vya kusimamia uvuvi ufukweni, vinaweza kulidhibiti. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya miteremkoni na kufunika mayai ni jambo jingine, maana mamlaka ya BMU hayapandi mlima.