Mbuzi isiyo na meno

Bibi anayeuza maandazi mkabala na kibanda changu hapa Ngamiani aliitazama bodi niliyoiegemeza ukutani, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbuzi hiyo mbona haina meno?"

"Si ya kukunia nazi, bibi. Hii wasimama juu, inakwenda."

"Wasimama juu ya mbuzi!" Akacheka mpaka andazi likaungua upande mmoja.

Mimi ni fundi baiskeli, na Tanga baiskeli haziishi. Skeitibodi, hizi mbao za magurudumu manne za kusimamia, niliziingilia kwa sababu vijana wanaozipanda hawakuwa na mtu wa kumpelekea beringi zao. Sasa ni mwaka wa saba nazifungua, nazifunga na kuzipanda, na ukiniuliza historia ya mchezo huu nitakuanzia chini, kwenye magurudumu. Wengi huusifia ubao, maana ndio wenye picha. Mimi naona gurudumu limeubadilisha mchezo kuliko ubao ulivyowahi kuubadilisha.

Asili yake ni California, Marekani. Watoto walikuwa wakibomoa viatu vya magurudumu na kuvipigilia misumari chini ya mbao, na katika miaka ya 1950 wapanda mawimbi wakapata pa kujifurahishia siku bahari ikilala. Magurudumu yalikuwa ya chuma. Hilo sihitaji kusimuliwa. Utotoni tuliunda vigari kwa beringi chakavu za gereji, ubao mmoja na kamba ya mkonge ya kuongozea. Kwenye lami kelele zake ziliwatoa watu ndani, na ukishuka meno yaliendelea kugongana yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaja ya udongo ulioshindiliwa pamoja na vitu vingine. Yalitulia kuliko chuma, ila hayakushika chini. Ukikata kona yanateleza. Ukikutana na kokoto moja tu gurudumu linagoma na wewe unaendelea na safari. Watu wakaumia, miji ikaanza kupiga marufuku, na 1965 ilipokuwa ikiisha biashara ilishaanguka.

Aliyeufufua mchezo ni Frank Nasworthy. Mwaka 1970, huko Virginia, alipita kwenye karakana ya plastiki akakuta magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, yaliyotengenezwa kwa ajili ya viatu vya magurudumu vya kukodisha kwenye kumbi za kuteleza. Wazoefu wa kumbini hawakuyapenda, eti yanang'ang'ania sakafu. Yeye aliyafunga kwenye ubao wake, na kung'ang'ania kule ndiko alikokuwa akikutafuta. Kufikia 1973 alikuwa akiyauza California kwa jina la Cadillac Wheels. Ulipoingia ukame wa 1976 na 1977, mabwawa ya kuogelea yakabaki makavu, na vijana wakaanza kupanda kuta zake zilizopinda. Kwa gurudumu la udongo kuta zile zingewatema.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Alan Gelfand wa Florida akapata namna ya kuruka humo bila kuishika bodi kwa mkono, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen, naye wa Florida, akaileta kwenye ardhi tambarare. Watu huniuliza kama tunapaka gundi. Hakuna gundi. Mguu wa nyuma unaupiga chini mkia wa bodi, pua ya mbele inanyanyuka, halafu mguu wa mbele unasugua juu ya msasa uliobandikwa juu ya ubao, kuelekea mbele, na bodi inanyooka ikiwa hewani. Ndiyo maana kiatu chetu hutoboka ubavuni, karibu na kidole cha mwisho. Ukiona tundu hapo, msalimie, huyo ni wa kwetu.

Norway waliupiga marufuku mchezo huu kuanzia 1978 hadi 1989. Nchi nzima! Miaka 32 baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu akiwa na miaka 13. Karibu na sisi, Kitintale kule Kampala wana kiwanja cha saruji tangu 2006, na kila nikipishana na malori ya saruji njia ya Pongwe huwa nawaza mambo yangu. Huku hatujakatazwa na mtu. Anayetukataza ni mchanga.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea bodi aliyoshinda nayo kutwa ufukweni Raskazone. Nilizungusha gurudumu, likalia kama mtu anayetafuna mchele mbichi, likasimama kabla sijahesabu mbili. Zamani magurudumu haya yalikuwa na gololi za kumwaga, koni na nati, vilevile kama habu ya baiskeli, kile kitovu cha gurudumu: nati ikilegea, gololi zinakwenda barabarani. Katikati ya miaka ya 1970 zikaja beringi zilizofungwa tayari. Za leo ni namba 608, kipenyo cha nje milimita 22, tundu milimita 8, unene milimita 7. Ni zilezile za mota ndogondogo, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya dhahabu eti kwa sababu zimeandikwa jina la mchezo.

Nilibandua vifuniko kwa ncha ya sindano, nikazitumbukiza zote nane kwenye kopo la petroli na kuzitikisa. Petroli ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nikazikausha juu ya gazeti, kisha kila moja tone moja la mafuta ya cherehani. Kijana alitaka nijaze grisi.

"Fundi, si ndiyo inalainisha?"

"Inalainisha, mdogo wangu, na inaukaribisha mchanga wote wa Raskazone ulale humo."

Safari hii gurudumu lilizunguka bila sauti, nikaliacha, nikampa chenji bibi wa maandazi, nikarudi bado linazunguka. Kijana akalipa, akaishukuru mbuzi yake, akaikumbatia kwapani na kuondoka kwa miguu, maana kutoka kibandani kwangu mpaka kuipata lami ni mchanga mtupu.