Kushirikiana si kumezana

"Tukishirikiana nao, watatumeza." Maneno hayo huyasikii mara moja Unguja, kila makanisa yanapotaka kufanya jambo pamoja. Sivyo.

Mtazame msemaji mwenyewe: kwapani ana Biblia yenye jalada jeusi, ndani imeandikwa Union Version, yaani tafsiri ya muungano. Zamani Waanglikana wa Mkunazini, penye kanisa kuu lao hapa Unguja, walisoma tafsiri ya Kiunguja, kazi aliyoianza Askofu Edward Steere. Mombasa nao walikuwa na yao, ya Kimvita. Bahari ile ile, Kiswahili kile kile (Wamvita watanisamehe), Biblia mbili! Mwaka 1952 ikatoka moja, ndiyo hiyo Union Version.

Nani alimezwa? Mwanglikana bado yuko Mkunazini na kitabu chake cha sala, Mlutheri anayeisoma Biblia hiyo hiyo ana kanisa lake. Walichounganisha ni tafsiri, si maaskofu wala vikapu vya sadaka.