Msitu wa jamii: ombi lisitangulie miguu

Kazi yangu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni kuchora ramani pamoja na vijiji vyenye misitu, upande wa Kalehe, Mwenga na Shabunda. Wanaonipigia simu wakitaka kuwasaidia wenyeji kulinda msitu huuliza karibu wote jambo moja: hati ya msitu wa jamii, yaani ya kumiliki msitu kwa pamoja, itapatikana lini? Njia ya kisheria ipo. Sheria ya misitu ya Kongo ya mwaka 2002, kifungu cha 22, inairuhusu jamii kuomba msitu inaoumiliki kwa desturi. Dekreti (amri ya serikali) ya mwaka 2014 ikaeleza utaratibu: jamii inaweza kupewa hadi hekta 50,000, bila malipo, bila kikomo cha muda, na anayetia saini ni gavana wa jimbo.

Ugumu unaanzia kwenye hiyo desturi. Huku kwetu ardhi iko mikononi mwa mwami, yaani mtawala wa jadi, na wakuu wa vijiji, na Batwa, Wambilikimo wa misitu hii, wengi wao hawahesabiwi kati ya wenye ardhi. Wamejenga pembeni mwa kijiji, kwenye kiwanja walichoachiwa, wanalima mashamba ya watu. Ombi likiandikwa na wakubwa wa kijiji peke yao, msitu utapata hati na Mtwa atabaki mgeni katika msitu waliokaa babu zake. Hati iliyokusudiwa kumlinda inamfungia mlango.

Ndiyo maana nasisitiza tutembee kwanza. Tunaingia msituni na wazee wa Batwa, wawindaji, akina mama wanaochuma uyoga na dawa, na vijana wa kushika jipiesi, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo. Wazee wanaonyesha miti ya asali, kambi za zamani, makaburi, vijito na majina yake. Jioni ramani inachorwa chini, kwa fimbo na majani, kila mtu aone na abishe; kompyuta baadaye. Akina mama tunaketi nao peke yao, kwa kuwa mbele ya wanaume wengi wao hunyamaza, nao ndio wanaojua ni wapi wachoma makala wameanza kukata. Jirani naye aitwe mpakani. Asipoukubali mpaka, usiandikwe.

Haya yanakula muda, na wafadhili hawapendi. Lakini tazameni Itombwe, hifadhi ya msitu huku huku Kivu ya Kusini. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2006 bila wenyeji kuulizwa, na mipaka yake ilikuja kukubaliwa mwaka 2016, baada ya ramani za vijiji na mabishano mengi. Kuanza na watu kungekuwa kufupi zaidi.

Kuna mahali njia hii haifiki, na ni lazima kusema wazi. Batwa wa Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa iliyo karibu na Bukavu, walifukuzwa kwenye misitu yao katika miaka ya 1970, hifadhi ilipoundwa na kupanuliwa. Msitu wa jamii hauwezi kutolewa ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo anayewaambia kwamba ombi la msitu wa jamii litawarudisha Kahuzi anawadanganya. Wao wana silaha nyingine: uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024 na kuwapa haki, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za Wambilikimo wa asili nchini. Anayetaka kuwasaidia awasaidie kudai utekelezaji wa hayo.

Kwa wengine wote, pesa ziende kwenye chakula cha wanaotembea, mikutano ya kurudia, na ramani kubwa ya turubai itakayobaki kijijini. Tena, kabla ramani haijatoka, wenye msitu waamue nini kionekane. Makaburi, mahali pa mizimu na mahali penye dalili za dhahabu tunaviacha nje ya nakala inayokwenda ofisini. Eneo lenye watu wa silaha na wachimbaji, nukta moja iliyowekwa ovyo inaweza kuleta kambi ya machimbo kabla gavana hajatia saini.