Megahezi Sawa, Kasi Tofauti: Namna ya Kulinganisha Prosesa za Zamani

Mtu akiwekewa mbele yake kompyuta mbili za zamani, moja yenye prosesa ya Intel 386 na nyingine ya Intel 486, zote za megahezi 33, ni rahisi aamini kwamba zina kasi moja. Imani hiyo ni kosa, na ni kosa lililoenea mno kiasi kwamba linastahili kufafanuliwa kwa utulivu.

Megahezi huhesabu mapigo ya saa ya prosesa, yaani mapigo milioni moja kwa sekunde kwa kila megahezi, lakini hazisemi lolote kuhusu kiasi cha kazi kinachokamilika ndani ya pigo moja. Kujumlisha namba mbili ambazo tayari zimo kwenye rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, kulihitaji mapigo 3 katika prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, mapigo 2 katika 386 ya mwaka 1985, na pigo 1 tu katika 486 ya mwaka 1989. Hivyo 386 ya megahezi 33 haiwezi kuvuka majumlisho milioni 16.5 kwa sekunde, ilhali 486 yenye saa ileile hufikia milioni 33. Kuzidisha kunaonyesha pengo kubwa zaidi: namba mbili za biti 16 ziliigharimu 8086 mapigo 118 hadi 133, lakini 286 iliyotoka mwaka 1982 ilitumia 21.

Kumbukumbu nayo ina sehemu yake. Prosesa ya 8088, iliyowekwa kwenye IBM PC ya mwaka 1981 kwa megahezi 4.77, kwa ndani ilifanana sana na 8086, ila ilipitisha data biti 8 kwa mara moja badala ya 16, na kwa sababu hiyo mara nyingi ilikaa ikisubiri amri zifike.

Ndiyo maana vilibuniwa vipimo vya kazi yenyewe. Kimojawapo ni Dhrystone cha mwaka 1984, ambacho huhesabu ni mara ngapi programu fupi ya majaribio inarudiwa kwa sekunde. Kompyuta ya VAX-11/780, ambayo kwa mazoea ilihesabiwa kuwa na kasi ya amri milioni moja kwa sekunde, ilipata 1757, na hadi leo matokeo ya prosesa nyingine hugawanywa kwa namba hiyo. Inafaa kujua kwamba VAX hiyo kwa kweli ilitekeleza takriban nusu milioni tu ya amri zake yenyewe kwa sekunde. Kipimo hicho ni cha ulinganisho, wala si hesabu halisi ya amri. Tena Dhrystone haigusi namba za desimali, na ufupi wake huipendelea prosesa yenye kache (kumbukumbu ya haraka iliyo karibu na prosesa) hata ndogo.

Kwa maoni yangu, njia ya haki zaidi ni ile ya SPEC, shirika lililoanzishwa mwaka 1988, ya kupima muda wa programu kamili zinazofanana na kazi za kila siku. Hata huko uangalifu ulihitajika: katika mkusanyiko wake wa mwaka 1989, programu ya matrisi iliyoitwa matrix300 ilipandisha alama ghafla baada ya vikusanyaji vya programu, yaani zana zinazogeuza maandishi ya programu kuwa amri za prosesa, kujifunza kuupanga upya mpangilio wa hesabu zake, ilhali prosesa zilikuwa zilezile, na katika toleo la mwaka 1992 iliondolewa.