Umejuaje Kuwa Kuna Msiba?

Simu inaita usiku, uko Mikindani. Ndugu yako wa Newala anasema "haloo" tu, hajataja lolote, nawe tayari unatafuta pa kukaa. Umejuaje?

Jibu liko kooni. Ndani ya kongomeo mna kamba mbili fupi za sauti. Hewa ikitoka mapafuni huzitikisa: kwa mwanaume mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, kwa mwanamke karibu mara 200, na kwa kichanga anayelia huweza kupita 400. Hofu ikiingia, misuli hujikaza, pumzi hufupika, sauti hupanda. Majonzi huilegeza, ikashuka na kupoa. Maneno mtu huyachagua. Pumzi na misuli hiyo humponyoka. Hata lile donge la kilio lina asili yake: mwili unataka hewa zaidi, basi nafasi kati ya kamba hupanuka, nawe ukimeza mate misuli mingine huvutana kuifunga.

Wajawazito nawaomba hili mlishike. Miezi mitatu ya mwisho mtoto anakusikia tumboni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ulionyesha kuwa vichanga wasiotimiza siku tatu walibadili namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili waletewe sauti ya mama yao badala ya mwanamke mwingine. Siku tatu! Basi msemeshe. Mwimbie kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, kwa lugha uliyobembelezewa wewe.

Wanaoishi kwa sauti ndio wanaoichosha: makungwi, walimu wa madarasa yaliyojaa, wanaonadi samaki feri. Mwalimu aliyekaukiwa sauti ataandika ubaoni, lakini mtoto anayelia hatulizwi kwa chaki. Msimu wa unyago ukiisha utamkuta kungwi ananong'ona, akidhani ndiyo anaipumzisha sauti. Kunong'ona kwa kujikamua nako huzichosha kamba. Nyamaza, kunywa maji, acha sigara. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ukaangaliwe koo. Huenda ni vinundu tu. Huenda ni saratani, nayo ikiwahiwa hutibika. Usingoje maumivu, maana saratani ya kamba za sauti mara nyingi huanza bila kuuma popote.