Umbali wa flanji: sababu ya lenzi ya zamani kukubali kamera mpya

Umbali wa flanji ni kipimo kinachoanzia kwenye pete ya chuma iliyo mbele ya kamera, pale lenzi inapojifunga, hadi kwenye sensa (kifaa kinachonasa picha katika kamera za dijitali) au filamu iliyo nyuma yake. Kila mfumo wa kamera una kipimo chake kisichobadilika, na lenzi husanifiwa kwa kipimo hicho ili vitu vya mbali kabisa, kama minara iliyo juu ya kilima cha Kololo jijini Kampala ukiwa kilima cha Namirembe, vionekane bila ukungu.

Kamera za filamu zilizotawala soko miaka ya 1960 na 1970 zilihitaji nafasi kubwa, kwa kuwa ndani mwake mlikuwa na kioo cha kuakisi kilichoinuka kila picha ilipopigwa. Ndiyo maana mfumo wa skrubu wa M42, uliotumiwa na Pentax, Praktica na Zenit, una milimita 45.46, Nikon F ina 46.5 na Canon FD ina 42. Kamera za mirolesi, ambazo zilianza kuenea baada ya Panasonic kutoa Lumix G1 mwaka 2008, hazina kioo hicho, kwa hiyo umbali umepungua sana: Sony E ni milimita 18, Canon RF 20 na Nikon Z 16.

Adapta, kiungo kinachowekwa kati ya lenzi na kamera, hujaza tofauti hiyo tu. Lenzi ya M42 kwenye Sony inahitaji adapta yenye unene wa milimita 27.46, isiyo na kipande cha kioo wala waya ndani yake. Ni bomba la chuma lililochongwa kwa vipimo, na haliharibu ubora wa picha iwapo limechongwa sawasawa.

Tuchukue Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya M42 yenye milimita 58 inayopendwa kwa jinsi mandhari ya nyuma yanavyozunguka kama kimbunga. Mpiga picha wa Kampala anayetumia Nikon yenye kioo cha kuakisi akiifunga kwa adapta tupu, lenzi inakaa mbele kuliko inavyotakiwa kwa zaidi kidogo ya milimita 1, na kosa hilo dogo linatosha kuizuia isione vizuri chochote kilicho mbali zaidi ya mita 3 na ushei. Kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa wazazi, atampata bibi harusi aliyepiga magoti mbele yake, lakini wageni wa hema la upande wa pili watabaki na ukungu hata azungushe pete hadi mwisho. Lenzi hiyohiyo kwenye Nikon Z inafika mbali bila shida. Adapta zenye kioo cha kusahihisha zipo kwa kamera za aina ile ya kwanza, ila nyingi za bei rahisi hupunguza ukali wa picha, na mimi sioni sababu ya kuzinunua.

Kwa kuwa hakuna mawasiliano ya umeme, kamera hudhani haina lenzi. Kwenye menyu ni lazima uiruhusu kupiga picha bila lenzi, uiweke kwenye hali ya A ili ijichagulie kasi, kisha tundu la lenzi ulirekebishe kwa mkono. Helios 44-2 ina pete mbili za kazi hiyo, moja ya kuweka kikomo na nyingine ya kufungua na kufunga. Kama kamera ina kituliza mtikisiko ndani, iambie kwamba lenzi ni ya milimita 58. Rangi zinazochorwa kwenye kingo za kilicho katika fokasi husaidia, lakini tundu likiwa wazi kabisa, yaani f/2, zinadanganya, hivyo ni afadhali kukuza picha kwenye skrini na kutazama kope za jicho.

Kabla ya kununua, mulika tochi kupitia lenzi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, ambayo hustawi haraka katika unyevu wa miji ya kando ya ziwa kama Entebbe na Jinja.